Siku Dokta Asajile Alipogeuza Kiti

Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti siku ile, kwa hiyo sitajifanya mtazamaji. Watu wa Kyela wakisimulia habari za Mzee Asajile huwa wananisahau, na kwa karibu mwaka mzima nimewaacha wanisahau. Leo nasema yote. Naitwa Lameck. Nakodisha spika za harusi na misiba, na kila Jumamosi na Jumapili natangaza mpira katika uwanja wetu wa mjini.

Kwanza mjue uwanja wenyewe. Sisi ni mji wa bandari, ingawa mgeni akishuka stendi haoni ziwa. Ziwa liko mwendo wa pikipiki, kule Itungi. Meli ikichelewa, abiria wa Mbamba Bay wanakuja kwetu na mabegi yao, wanakaa jukwaani na kushangilia timu wasizozijua. Mabaharia wana timu yao, wapakuzi wana yao. Wamalawi wa Karonga huvuka mpaka na basi lao dogo na ngoma zao, wanatufunga, wanakula wali wetu, wanarudi kwao. Msimu wa mavuno watu wanaanika mpunga nyuma ya magoli juu ya maturubai, na mpira ukitua pale mwenye mpunga anatukana ukoo mzima wa mpigaji. Aprili mito ikifurika, maji yanaingia mpaka kwenye eneo la kumi na nane, na nimewahi kumwona mtu akivua kambale pale pale refa anapowekea mpira wa penalti. Sitanii. Kwaya zinashindana hapo Pasaka, wakubwa wanaagwa hapo wakifa, na ukimtafuta mtu wa Kyela asiyepokea simu yako, nenda uwanjani Jumapili saa kumi jioni utamkuta.

Mtunzaji wa uwanja huo kwa miaka kumi na tisa alikuwa Asajile. Mrefu, mkavu, suruali ina chokaa magotini siku zote. Alichora mistari kwa kamba na kopo lililotobolewa matundu, na mstari wake ulinyooka kuliko barabara zetu nyingi. Ole wako ukatishe uwanjani chokaa ikiwa mbichi. Chini ya jukwaa la kaskazini, nyuma kabisa ya goli, kilikuwapo chumba chake cha nyavu, bendera za kona na machela moja ya turubai la kijani. Kiti chake cha mbao kilikaa mlangoni pa chumba hicho. Kutoka pale mpaka kwenye nguzo ya goli ni hatua saba. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Jina la Dokta alilipata kihalali. Miaka minne iliyopita aliitwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili, yeye na walinzi wengine kadhaa. Wenzake walirudi na kofia na daftari. Asajile alirudi na maneno yote kichwani. Miezi miwili baadaye kiungo mmoja wa Karonga aligongana vichwa na baharia wetu, akaanguka, taya likakaza, ulimi ukarudi nyuma, macho yakageuka. Tulisimama tunapiga kelele kama kuku walioona mwewe. Asajile alikimbia na miguu yake ile mirefu, akampigia magoti, akamlaza ubavu, akainua taya, akamfuta povu kwa shati lake mwenyewe. Kijana akakohoa, akapumua. Wamalawi walimbeba mzee wa watu mabegani, wakamzungusha uwanja mzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Asajile peke yake. Na yeye alilipenda jina, nisimfiche. Ukimwita Dokta alikuwa anavuta mabega nyuma kidogo.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hulicheka. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawakutani. Tunaita ukutila. Mkamwana akimwona baba mkwe anakuja, anaacha njia, anaingia nyuma ya nyumba, anageuza uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani. Si chuki. Ni heshima, na anayeivunja ndiye anayechukiwa. Siku hizi mjini wengi wameilegeza. Wapo wanaopanda gari moja na wakwe zao na mbingu haijaanguka. Asajile hakuilegeza hata kidogo. Alikuwa mzee wa kanisa, Kiswahili anakijua, simu janja anayo, lakini katika hilo alikuwa baba yake na babu yake.

Mwanawe Amon alifanya kazi meli, kwenye injini, siku nyingi yuko majini. Alimwoa Tusekile, binti wa Ikolo, akamleta kwenye uga wa baba yake nyuma ya soko. Miaka mitatu Asajile na Tusekile waliishi uga mmoja na mzee hakuwahi kuuona uso wake vizuri. Alimjua kwa kicheko chake cha jikoni na kwa mbalaga alizopika, zile ndizi alizoletewa mezani na mkewe, Tulinagwe. Alimsifu mbele yetu pale uwanjani. Alisema, "Yule binti hajawahi kunikosea hata kwa kivuli chake." Kwa mzee wa namna ile hakuna sifa kubwa zaidi.

Basi akaja Mwalimu Georgina. Alihamishiwa kwetu kutoka Bukoba kufundisha sekondari, na hakukaa hata muhula mmoja kabla ya kuunda timu ya wanawake ya Bandari. Aliwakusanya wauza samaki, wake wa mabaharia, karani mmoja wa forodha. Akahitaji golikipa. Tusekile alidaka shuleni kabla ya kuolewa, na mikono yake ilikuwa mirefu. Tulinagwe ndiye aliyepeleka habari kwa mumewe, kwa sababu mkamwana hawezi kuomba mwenyewe. Mzee alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Acheze. Mimi nitageuza kiti."

Na kweli aligeuza. Wanawake wakicheza, Asajile alikaa mlangoni pa chumba chake akitazama ukuta, mgongo uwanjani. Kipindi ambacho Bandari walilinda goli la kaskazini, Tusekile alisimama hatua saba nyuma ya kisogo chake, akipiga kelele kwa mabeki wake, na mzee akisikiliza kila neno. Filimbi ya mwisho ikilia, binti alikuwa wa kwanza kutoka, ili mzee ageuke kwa amani. Jioni mzee alikuja kwenye kibanda changu cha spika, akashika hiki, akashika kile, halafu akauliza kana kwamba haimhusu, "Golikipa alidakaje leo?" Hakumtaja jina hata siku moja. Nikimwambia amepangua mpira wa hatari, alicheka peke yake akaenda zake. Mtu akiniambia Asajile hakumpenda yule binti, nitagombana naye.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya Juni, Bandari na Ipinda. Meli ilikuwa imechelewa, kwa hiyo abiria walijaa. Ipinda walikuja na malori mawili ya mashabiki. Mpunga ulikuwa umeanikwa pembeni, wenyewe wameulalia wasije wakakanyagiwa. Mimi nilikuwa na betri mpya na spika nne, na niseme wazi, nilikuwa na kichwa kikubwa. Watu wakicheka kwa maneno yangu nasikia utamu. Ni ugonjwa wangu huo.

Kipindi cha pili kilipoanza na Bandari wakahamia goli la kaskazini, nikaona abiria wakimnyooshea kidole yule mzee aliyekaa kutazama ukuta. Nikaona nafasi yangu. Nikasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti ya kuvuta, "Wageni wetu, msishangae. Yule pale hajaadhibiwa. Yule ni Dokta Asajile, baba mkwe wa golikipa wa Bandari! Mamba wa ziwani hamwogopi, anamwogopa mkamwana!"

Uwanja mzima ulicheka. Wazee waliokaa kwenye mabenchi ya mbele walipiga makofi, mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo ndiye mwanaume!" Abiria wa meli walisimama wamwone vizuri. Asajile aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayepokea salamu. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Mpaka hapo mtu ambaye hakuwa jirani yetu hakujua golikipa ni nani kwa mzee yule. Baada ya hapo walijua wote, mpaka waanika mpunga.

Dakika kumi hazikupita. Ipinda walipiga kona. Tusekile alitoka kuufuata mpira juu, mshambuliaji akaja na goti, wakagongana, na Tusekile akaangukia nguzo ya goli kwa kichwa. Mlio wa kichwa na nguzo niliusikia mpaka kwenye meza yangu. Hakulia. Alilala chali, jezi imepanda tumboni, miguu inatikisika kidogo, halafu ikatulia.

Georgina alikuwa wa kwanza kufika. Alimshika mabega, akamwita, akamwinamia mdomoni, akainua kichwa na uso wake ulikuwa umebadilika. "Dokta!" alipiga kelele. "Dokta, hapumui huyu!"

Wachezaji wakaita, jukwaa likaita. Dokta! Dokta! Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia, kipaza sauti mkononi, waya unaburuzika nyuma yangu.

Asajile alisimama. Aliingia chumbani mara moja akatoka na machela, bado anatazama ukuta. Nilimwona akianza kugeuka. Bega la kulia lilikuja, shavu likaja, nikajisemea moyoni, haya, anakuja. Halafu akasimama hapo hapo, nusu kageuka. Sijui aliona nini kwa pembe ya jicho. Labda tumbo la binti lililo wazi. Labda wale wazee wa benchi la mbele, ambao walikuwa wamempigia makofi muda mfupi tu uliopita na sasa wamenyamaza kimya wakimwangalia yeye, si mgonjwa. Akarudisha bega. Akautazama ukuta. Machela akaiweka chini nyuma yake, akaisukuma kwa kisigino ije kwetu.

Na akaanza kupiga kelele ukutani. "Mlazeni ubavu! Inueni taya! Taya lije mbele!" Sauti ilikuwa imemkatika, ya mtu mwingine kabisa.

"Ubavu gani? Taya naliinuaje?" Georgina aliuliza. "Mzee, njoo wewe! Unajua wewe!"

"Nyuma ya pembe ya taya! Vidole viwili!"

"Sielewi unachosema! Mzee, huyu ni mgonjwa, si mkamwana!"

"Siwezi, mwalimu," alisema. "Siwezi. Siwezi."

Nilifika nikapiga magoti upande wa pili. Midomo ya Tusekile ilikuwa imebadilika rangi. Nikainua kichwa nikapayuka, "Baba Amon, mkamwana wako anakufa! Geuka!" Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yalitoka kwenye spika zote nne. Waliokuwa sokoni waliyasikia, na Tulinagwe aliyekuwa nyumbani akipepeta mchele aliyasikia. Asajile aliweka viganja viwili ukutani na paji la uso katikati yake. Hakugeuka.

Kwa hiyo tulifanya sisi, mwalimu wa jiografia na mkodisha spika. Tulimlaza ubavu, tukamkosea, tukamgeuza tena. Mzee alipiga kelele vidole viwili, tukaviweka mahali sipo. Refa alikuwa na saa mkononi, baadaye alisema ni dakika tano. Mwisho Georgina akapapatia pale mahali penyewe, taya likaja mbele, pakatoka mlio kama wa bomba lililoziba, binti akatapika, akavuta pumzi. Tukampakia nyuma ya pikapu iliyokuwa imeleta usipa asubuhi, juu ya magunia yenye harufu ya samaki, ikaondoka inapiga honi.

Asajile alisubiri mpaka mlio wa gari ukapotea ndipo akageuka. Goli lilikuwa tupu. Chini palikuwa na glavu moja.

Mechi haikuendelea. Na hapo, watu wangu, ndipo nilipoona jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka uso unaniwaka. Wale wazee wa benchi la mbele waliinuka wakaenda kumpa mkono. "Ndaga fijo, asante sana," mmoja alimwambia. "Umetuheshimisha. Mwingine angejisahau." Asajile aliutazama ule mkono. Akavuta wake akauficha nyuma, kama mtu anayeogopa kuungua. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa ndani, na hakutoka mpaka uwanja ulipobaki na kunguru.

Tusekile alilazwa Mbeya wiki tano. Aliishi. Lakini hewa ilikuwa imechelewa kufika kichwani, ndivyo Tulinagwe alivyoelezwa, na upande wa kushoto ulibaki mzito. Mkono haukunji vizuri, mguu anauburuza. Maneno yanakuja taratibu, moja moja.

Amon alirudi kutoka majini siku ya sita. Sisi majirani tulijiandaa kwa ugomvi, wengine walikaa karibu na ua makusudi. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya baba yake, kofia ya kazi mkononi, akasema, "Baba, Mmalawi ulimwokoa." Basi. Mkewe alipotoka hospitali alimpeleka moja kwa moja kwa wazazi wake Ikolo, na vitu vyake akavihamisha kwa toroli mara mbili.

Aibu ya mtu mwingine ni tamu kutazama kwa wiki moja hivi. Baada ya hapo inachosha. Asajile aliendelea kuja uwanjani, akachora mistari yake, lakini alichora alfajiri na kuondoka kabla watu hawajafika. Basi la Karonga lilipokuja mwezi wa Agosti, wale vijana walimkuta langoni wakamkimbilia. "Dokta! Dokta!" Alitoka langoni kama aliyetukanwa na akaniachia mimi funguo. Kanisani aliomba mwenyewe kuvuliwa uzee. Watu wakagawanyika: nusu wakamsema muuaji, nusu wakamsema mtu wa heshima, na kati ya hao wote ni hao wa heshima ndio alioshindwa kuwatazama.

Kilichomla kilikuwa kimoja. Alitaka kumwomba binti msamaha, na mila ile ile iliyomfanya akose ilimzuia kuomba. Utamwombaje msamaha mtu ambaye huruhusiwi kusimama mbele yake? Alimtuma Tulinagwe, akarudi na jibu kwamba Tusekile hana neno na taata, yaani baba. Alimtuma mchungaji, jibu likawa lile lile. Ndugu walimshauri apeleke ng'ombe, mambo yaishe kwa njia ya kawaida. Alikataa. "Ng'ombe hakumgeuzia mgongo," alisema. "Mimi ndiye niliyemgeuzia."

Na mimi je? Mimi nilikuwa na pikipiki, na Ikolo si mbali, na sikuwahi kwenda kumwona. Nilijiambia nina kazi. Nilijiambia nilimwokoa, tena kwa vidole vyangu. Lakini nilijua mzee yule alikuwa amekwisha kuanza kugeuka. Niliuona ule ubavu wa uso. Laiti nisingemtangaza, angekuwa mzee mmoja nyuma ya goli anayemkimbilia golikipa aliyeumia, na abiria wangedhani ni kazi yake. Mimi ndiye niliyemvalisha ukwe mbele ya watu elfu moja, kwa ajili ya kicheko. Hakuna aliyenilaumu, na kutolaumiwa kwenyewe kulikuwa kunanisumbua.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja kibandani kwangu asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Hakushika hiki wala kile.

"Lameck, nipeleke Ikolo," alisema. "Nitamwona uso na nitasema kwa kinywa changu. Mila ikiwa na kesi, inishitaki mimi."

"Mama Amon anajua?"

"Hajui mtu. Wakijua watanizuia." Akafunga vifungo vya koti. "Wewe ulinitaja siku ile. Wewe utanipeleka."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuligusa jambo hilo. Niliwasha pikipiki.

Kosa letu lilikuwa hilo, kwenda bila kutanguliza habari. Mkwe haendi hivyo. Anatanguliza mtu, nyumba inajiandaa, mwenye kujificha anajificha kwa utaratibu. Sisi tuliingia ghafla. Kokoa ilikuwa imetandazwa uani kwenye majamvi, na kando yake Tusekile alikuwa amekaa kwenye mkeka peke yake, anachambua mchele kwa mkono wa kulia, ungo umekaa juu ya mapaja. Amenenepa kidogo. Aliinua macho akaniona mimi, akatabasamu, tabasamu la upande mmoja. Halafu akamwona aliyekaa nyuma yangu.

Ungo ulianguka. Alishika fimbo iliyokuwa pembeni yake, akajiinua kwa goti, akateleza, akajiinua tena.

"Kaa, dada," nilisema. "Kaa, usiinuke."

Hakusikia, au hakutaka. Alianza kwenda kuelekea nyuma ya jiko, fimbo mbele, mguu wa kushoto ukiburuzika na kuchora mstari kwenye vumbi. Si mbali. Mtu mwenye miguu mizima angefika kwa pumzi mbili. Yeye alienda na sisi tukamtazama njia nzima. Asajile alikuwa ameapa kumtazama, na alimtazama, na kitu cha kwanza alichokiona kwa macho yake mawili kwa yule binti kilikuwa ule mguu.

"Mwanangu, simama," aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usinikimbie. Nimekuja nikuone."

Tusekile alizunguka kona ya jiko akapotea. Tukasikia fimbo ikigonga ukuta, na pumzi zake.

"Nimeshajificha, taata," alisema kutoka kule. Kila neno lilikuja peke yake. Kisha akamsalimu kwa adabu, "Mugonile."

"Toka, mwanangu. Nimeyaacha mambo hayo. Toka nikuombe msamaha."

"Siwezi, taata."

Basi mzee akavua kofia, akaongea na ukuta wa jiko. Alisema, "Niliogopa watu. Nilijua cha kufanya, mikono yangu ilijua, nikaogopa macho ya watu, nikakuacha ufe. Hukufa kwa sababu ya Mungu, na mwalimu, na huyu Lameck. Mimi nilikuacha. Sina sababu nyingine, wala wakikuambia ilikuwa heshima usikubali." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilitazama kokoa.

Kisha Tusekile akasema, "Mama aliniambia unajilaumu. Usijilaumu, taata. Siku ile ningekuwa na fahamu zangu, ningekukataza mwenyewe usinisogelee."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Nilimwona Asajile akilipokea. Alishika tangi la pikipiki. Nadhani angeweza kuvumilia atukanwe. Angeweza kuvumilia amwagiwe maji machafu. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Msichana wa miaka ishirini na tano, angechagua kufa pale golini kuliko mzee yule amwone, na tuliomfundisha hivyo tulikuwa tumesimama uani.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu." Akapiga hatua mbili kuelekea kona ya jiko. Tukasikia fimbo ikihama, mguu ukiburuzika kusogea mbali zaidi, na kitu kikigonga ukuta kwa nguvu, bega labda. Mzee akasimama pale pale, mguu mmoja mbele, kama vile siku ya mpira. Safari hii alikuwa anataka kwenda na hawezi.

"Taata," Tusekile aliita. Sasa sauti yake ilikuwa na maumivu, alijaribu kuyaficha akashindwa. "Samahani, taata. Mguu huu hausimami muda mrefu. Ukipita, nitakaa."

Asajile alivaa kofia yake. Aliivaa upande.

"Washa pikipiki, Lameck," alisema. "Washa upesi, asikie tunaondoka, akae."